Ushuru wa Nyeri: Nani Aliulizwa?

*Kaunti za Mlima Kenya haziruhusiwi kugusa kodi ya mapato, lakini kila mwaka hupanga upya ada zinazotoka katika mfuko ule ule wa mwananchi. Sheria inampa mkazi nafasi ya kusema, na hata ya kupiga kura. Nafasi hiyo inatumikaje?*

Karatina huamka mapema. Kabla hakujapambazuka, malori ya viazi na kabeji kutoka Kieni yameshashusha mizigo, ndizi za Mukurweini zimepangwa, na akina mama wanatandika magunia chini ili wapange nyanya kwa mafungu. Mteja wa kwanza hajafika, lakini mtoza ushuru wa kaunti ameshafika na mashine yake ya risiti. Mama anatoa simu, analipa, anapewa kijikaratasi, anakikunja na kukitia kwenye mfuko wa aproni.

Ada anayolipa leo ndiyo aliyolipa jana, siku ambayo mvua iliwafukuza wateja akarudi nyumbani na nusu ya mzigo. Ndiyo atakayolipa kesho, auze asiuze.

Mtoza ushuru hakujitungia kiwango hicho. Kimo katika jedwali lililo nyuma ya Sheria ya Fedha ya Kaunti. Majedwali ya aina hii huenda kurasa baada ya kurasa: gunia la viazi, kreti ya nyanya, mbuzi anayeingia mnadani, kinyozi, duka la dawa, bango la tangazo, ramani ya nyumba inayosubiri muhuri. Kila mstari ni uamuzi uliofanywa kwa niaba ya watu wa Nyeri, na mistari hiyo hufunguliwa upya karibu kila mwaka, mswada mpya unapoletwa mbele ya Bunge la Kaunti.

Katika miji mingine duniani, diwani anayetaka kuongeza kodi ya mapato hulazimika kwenda kwa wapiga kura na kuwaomba. Kwetu, anayetaka kuongeza ada ya soko hulazimika kuitisha kikao cha maoni. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na naamini watu wa miji hii wanastahili kuulizwa vizuri zaidi.

Kaunti na pesilipu

Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 imegawa ushuru waziwazi. Kodi ya mapato, ushuru wa thamani ya ziada (VAT), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni vya serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ushuru mwingine wowote ambao Bunge litaidhinisha kwa sheria. Inaweza pia kutoza ada kwa huduma inazotoa.

Kwa hiyo, Gavana wa Nyeri hana uwezo wa kukata hata shilingi moja kwenye mshahara wa mwalimu wa Othaya au muuguzi wa hospitali ya rufaa. Atakayetaka kumpa uwezo huo atalazimika kubadili Katiba kwanza.

Hata hivyo, ada ya soko hutoka wapi kama si katika kipato cha anayelipa? Tufanye hesabu ya mfano. Chukulia kwamba ada ya siku ni shilingi 30 na faida ya mama yule wa nyanya ni shilingi 300. Ametoa asilimia 10 ya alichopata. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, faida yake ni 7,800 na kaunti imechukua 780.

Sasa mtazame karani anayelipwa mshahara wa shilingi 24,000 katika ofisi iliyo hatua chache kutoka sokoni. Mamlaka ya Ushuru (KRA) hukokotoa asilimia 10 ya mshahara huo, yaani 2,400, kisha humpa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400. Halipi kodi ya mapato hata senti. Sheria ya kodi ya mapato, pamoja na lawama zote tunazoirushia, ina mahali pa kumtambua mnyonge. Jedwali la ada za soko halina.

> Kaunti haitozi kodi ya mapato kwa jina. Lakini anayepata 300 na anayepata 3,000 wanapewa risiti ya kiasi kimoja.

Hapo ndipo penye uzito wa mjadala huu kwangu. Tukibishana tu kama ushuru upande au ushuke, tunasahau kuuliza mzigo unamwangukia nani. Na Ibara ya 201 ya Katiba haikusahau: inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na umma ushirikishwe katika masuala ya fedha.

Enzi za mabaraza

Si kweli kwamba serikali za mashinani nchini hazijawahi kugusa kipato cha mtu. Katika miaka ya kwanza ya uhuru, tegemeo kubwa la mabaraza ya wilaya lilikuwa kodi ya kichwa iliyopangwa kwa ngazi kulingana na kipato, iliyofahamika kwa kifupi kama GPT. Kwa fedha hizo mabaraza yaliendesha shule za msingi, zahanati na barabara za mashambani.

Kisha ikaja sheria ya 1969 ya kuhamisha majukumu. Kuanzia Januari 1970, elimu ya msingi, afya na barabara zilichukuliwa na serikali kuu pamoja na kodi iliyokuwa ikizilisha. Miji saba tu ndiyo iliyobakiziwa majukumu hayo, Thika ikiwa miongoni mwake. Miaka michache baadaye, kodi hiyo ilifutwa hata mijini. Mabaraza ya Nyeri, Meru, Embu na Kirinyaga yakabaki na majina, ofisi na makarani, lakini bila mfuko.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilijaribu tena. Ikaanzisha ada ya huduma ya serikali za mitaa, iliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi na kutozwa wenye biashara. Wengi waliokuwa kazini miaka hiyo wanaikumbuka kwenye pesilipu zao. Nayo ilifutwa muongo mmoja baadaye, na mahali pake pakawekwa mfuko wa LATF, uliotokana na sheria ya 1998, ambao uliyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato iliyokusanywa nchini.

Mpango wa LATF ulikuwa na busara fulani: Nairobi ikusanye, Nyeri ipokee, na mfanyakazi asikatwe mara mbili. Ulidumu hadi kaunti zilipoingia mwaka 2013. Sasa tuna mgao sawa wa kaunti, ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Nyeri, yenye watu 759,164 kwa sensa ya 2019, imekuwa ikitengewa zaidi ya shilingi bilioni 6 kwa mwaka.

Majirani zetu wamepita njia hiyo hiyo. Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003. Uganda ilifuta kodi yake ya ngazi mwaka 2005, kodi iliyokuwa imechukiwa kwa sababu ya msako wa kukamata wasiolipa, kisha mwaka 2008 ikaanzisha ushuru wa huduma za mitaa unaokatwa kwa wenye mishahara na wafanyabiashara wenye uwezo, usiozidi shilingi 100,000 za Uganda kwa mwaka.

Kagumo ilijengwaje

Anayesema watu wa Mlima Kenya huchukia ushuru kwa tabia hajasoma historia ya Nyeri.

Ni kweli, kumbukumbu chungu zipo. Kodi ya kibanda iliingizwa na Waingereza mwaka 1901 na ikapanda mara kwa mara, ikiwalazimisha vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ili wapate pesa ya kulipa. Kodi hiyo, pamoja na kipande na kupunguzwa kwa ujira, ndiyo iliyowakusanya watu nyuma ya Harry Thuku mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliokwenda kudai aachiliwe jijini Nairobi ulimiminiwa risasi.

Lakini miaka michache baadaye likatokea jambo lingine. Mabaraza ya wenyeji yalianzishwa kwa sheria ya 1924, yakiongozwa na mkuu wa wilaya Mwingereza, na baadhi ya wajumbe wake wakiwa wameteuliwa. Hayakuwa mabaraza huru. Hata hivyo, wajumbe wa Nyeri, Murang'a na Kiambu waliyatumia kuidhinisha tozo ya ziada, juu ya kodi ya serikali ambayo tayari iliwaumiza, kwa sababu moja: walitaka shule ambayo haikuwa ya misheni.

Mwaka 1933 Shule ya Kagumo ilifungua milango, si mbali na mji wa Nyeri. Tozo za mabaraza zilikuwa nyuma yake. Katika miaka hiyo hiyo, wazazi wa shule huru za Wakikuyu walikuwa wakichanga kutoka mifukoni mwao, na mwaka 1939 chuo cha walimu cha Githunguri kikaanza kwa michango ya namna hiyo.

Siisifu enzi ya ukoloni. Wapo wajane waliotozwa kwa vibanda vyao, na hakuna aliyewapa sanduku la kura. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuwa akijificha asilipe kodi ya gavana wa kikoloni alitoa kwa ajili ya shule, kwa kuwa alijua pesa zinaenda wapi na angeweza kutembea kwa miguu hadi pale, akaone mawe yakipangwa.

> Aliyekuwa akikimbia kodi ya mkoloni alitoa tozo ya shule, kwa kuwa aliweza kuiona ikijengwa.

Sheria ya Fedha ya kaunti zetu za leo haimwonyeshi mtu chochote cha namna hiyo. Ada ya soko la Karatina huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, ambako huchanganyika na ada za kuegesha magari, vibali vya biashara na mgao wa Nairobi. Ni sahihi kisheria, na ni njia nzuri ya kuzuia wizi. Lakini mama wa nyanya haoni uhusiano wowote kati ya kijikaratasi chake na tope alilokanyaga akiingia sokoni.

Tangazo gazetini, ukumbi asubuhi

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inalipatia Bunge la Kaunti siku 90, tangu kupitishwa kwa mswada wa matumizi, kuidhinisha Mswada wa Fedha. Kabla ya hapo lazima wananchi watoe maoni.

Namna inavyofanyika inajulikana. Tangazo linachapishwa katika gazeti la Kiingereza, kwa herufi ndogo, likiorodhesha kumbi katika kaunti ndogo: Nyeri Mjini, Tetu, Mathira Mashariki na Magharibi, Othaya, Mukurweini, Kieni Mashariki na Magharibi. Kikao huwekwa asubuhi ya siku ya kazi. Anayefika hupewa nakala ya mswada pale pale mlangoni, kama zipo za kutosha. Jedwali ni refu, lugha ni ya wanasheria, na muda wa kuchangia ni dakika chache.

Mwenye duka hawezi kufunga duka. Bodaboda hawezi kuacha pikipiki. Mchuuzi aliyetangulia kulipa ada ya siku hawezi kuacha bidhaa zake zinyauke ili aende kueleza kwamba ada hiyo ni kubwa. Wanaojaa ukumbini mara nyingi ni wenye nafasi, na hao si wenye mzigo. Mwishoni karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanaandika majina, namba za simu na sahihi, na hiyo inakuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa.

Mahakama imeshasema hilo halitoshi. Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha iliyowakasirisha wakazi wa Thika, Ruiru na Githurai. Walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 17 Aprili 2014, Jaji George Odunga aliibatilisha sheria nzima kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hukumu ile inafaa kubandikwa katika kila ofisi ya karani wa Bunge la Kaunti. Jaji alisema ushirikishaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza wajibu tu. Na alitaja kwa majina mahali pa kuwapata watu: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza ya hadhara, na kwenye redio za kitaifa na za lugha za kienyeji.

Fikiria hilo kwa Nyeri. Redio za Kikuyu husikika katika kila matatu na kila kibanda cha chai kutoka Chaka hadi Othaya. Jedwali la ada za soko likisomwa hewani kwa jioni tatu, mstari kwa mstari, kiwango cha zamani kando ya kipya, watu wengi zaidi watalijua kuliko kwa matangazo yote ya magazeti ya mwaka mzima. Gharama yake haiwezi kuwa kisingizio kwa serikali yenye bajeti ya mabilioni.

Kila mmoja na hoja yake

Upande wa kaunti una hoja, na ni haki kuisikiliza. Fedha za mgao huchelewa kutoka Hazina ya Kitaifa, wakati mwingine kwa miezi. Mishahara inasimama, wasambazaji wa dawa wanadai, wakandarasi wanaacha barabara nusu. Maafisa wa mapato husema kwamba kaunti isiyo na chake haiwezi kupanga chochote, na kwamba wakazi haohao wanaolalamikia ada ndio wanaodai taa za barabarani, takataka zizolewe na vyoo vya soko viwe safi. Wanasema kweli.

Wafanyabiashara nao wanahesabu. Mwenye duka la jumla kwenye barabara ya Gakere mjini Nyeri analipa kibali cha biashara cha kaunti, ada ya zimamoto, ada ya bango, na ada ya vyeti vya afya vya wafanyakazi ikiwa anauza chakula. KRA inamdai ushuru wa mauzo, uliopanda kutoka asilimia 1 hadi 3 kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Anayesafirisha mazao kutoka Meru au Kirinyaga kwenda Nairobi hukutana na vizuizi vya sesi njiani, kaunti baada ya kaunti, ingawa Ibara ya 209 inakataza kaunti kutumia ushuru kwa namna inayozuia bidhaa na huduma kupita mipaka yake. Halafu kuna askari wa kaunti, wanaoitwa kanjo. Wengi wangevumilia ada, ila si kuvutwa na kunyang'anywa bidhaa kwa sababu ya ada.

Wenye mishahara wana lao. Mtu anayelipwa 50,000 hukatwa 750 za nyumba za bei nafuu, ambazo ni asilimia 1.5, na 1,375 za bima ya afya ya jamii, ambazo ni asilimia 2.75. Hizo ni 2,125 kabla ya kodi ya mapato na NSSF. Ukimwambia kaunti yake nayo ingependa asilimia moja, yaani 500 zaidi, atakuuliza ulikuwa wapi Juni 2024.

Juni 2024 haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Mlima Kenya. Vijana walijaa barabara za Nyeri, Nanyuki na Embu kupinga Mswada wa Fedha wa kitaifa, eneo ambalo miaka miwili kabla lilikuwa limempigia Rais William Ruto kura kwa wingi. Siku moja baada ya maandamano ya tarehe 25, Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Maisha ya watu yalipotea nchini kabla ya tangazo hilo. Tungekuwa na njia ya utulivu ya kuwauliza wananchi na kuheshimu jibu lao, ninaamini baadhi yao wangekuwa hai.

Kuna kundi la nne ambalo halipigi kelele: wenye viwanja na majumba. Kodi ya ardhi na majengo ndiyo chanzo ambacho Katiba imeitengea kaunti wazi kabisa, na ndicho kinachotumika vibaya zaidi. Katika miji mingi, daftari la thamani ya viwanja ni la enzi za mabaraza ya miji. Kiwanja kilichokuwa na nyumba ya mbao sasa kina jengo la ghorofa sita, na bado kinatozwa kwa thamani ya zamani. Hadi Desemba 2024 tulikuwa tukitumia sheria za kodi ya ardhi zilizotungwa kabla ya uhuru kukamilika. Sheria mpya ya kitaifa imechukua nafasi ya sheria hizo, na inazitaka kaunti zithamini upya kila baada ya muda.

Huo ndio mlango ambao kaunti zetu zinapaswa kuugonga kwanza. Nasema hivi nikijua kwamba mwenye jengo atajaribu kuipitisha kodi kwa mpangaji. Hata hivyo ni afadhali kuliko kuendelea kukamua shilingi 30 kutoka kwa mwanamke aliyeketi juu ya gunia, huku mwenye ghorofa aliye mbele yake akilipa kama mwenye kibanda.

Kura ambayo Nyeri haijaipiga

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina kifungu ambacho wanasiasa hawakitaji kwenye mikutano. Ni kifungu cha 90. Kinaruhusu kaunti kufanya kura ya maoni ya mashinani kuhusu sheria za kaunti na maombi ya wananchi, au kuhusu maamuzi ya mipango na uwekezaji yaliyopelekewa ombi lenye sahihi za angalau asilimia 25 ya wapiga kura wa eneo husika.

Nyeri ilikuwa na zaidi ya wapiga kura 480,000 waliosajiliwa mwaka 2022. Robo yao ni watu 120,000. Kukusanya sahihi hizo kwa kaunti nzima ni kazi ya chama cha siasa. Lakini sheria inazungumzia eneo ambako kura itapigwa, na eneo hilo linaweza kuwa dogo kuliko kaunti. Wakazi wa mji mmoja wanaweza kuulizwa kuhusu soko lao au mfereji wao wa majitaka bila kuisumbua kaunti yote.

Huko Ohio, Marekani, miji hutoza kodi ya mapato yake yenyewe, lakini ikitaka kupita asilimia 1 lazima iwaombe wapiga kura. Agosti 2009 wakazi wa Columbus walikubali kupanda kutoka asilimia 2 hadi 2.5. Cleveland ilikubali kiwango hicho hicho Novemba 2016. Miji mingine imeomba ikakataliwa, ikarudi na ombi dogo zaidi. Dosari ipo: anayefanya kazi mjini na kuishi nje hukatwa kodi ya mji ambao hana kura ndani yake. Karatina ingekuwa na tatizo hilo mara moja, kwa sababu wauzaji wengi sokoni hutoka Kirinyaga na Murang'a.

Sipendekezi kodi ya mapato ya kaunti. Mkazi wa Nyeri aliyeajiriwa ameshakatwa vya kutosha, na asiyeajiriwa hana pesilipu ya kukata. Ninachopendekeza ni kuchukua sehemu ya swali la Ohio na kuileta hapa: kiwango gani, kwa miaka mingapi, kwa kujenga nini. Mji wa Nyeri uulizwe kama unakubali kodi ya ardhi iongezwe kwa miaka mitano ili soko fulani liezekwe na kutengenezewa mifereji, na ada ya siku ya wachuuzi ishushwe kwa muda huo huo. Wakikataa, kaunti ikae na jibu hilo.

> Kiwango gani, kwa miaka mingapi, kwa kujenga nini. Mpiga kura akijibiwa hayo matatu, anaweza kukubali.

Kura hugharimu pesa, na kuandaa kura ya peke yake kwa kaunti moja kungekuwa ghali. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakuja, vituo vitafunguliwa kwa vyovyote, na karatasi moja zaidi haitavunja bajeti. Hatari kubwa ninayoiona ni kwamba swali la mifereji linaweza kumezwa na siasa za ugavana. Wenye majengo wana fedha za kampeni, wachuuzi hawana. Bunge la Kaunti lingelazimika kutunga kanuni mapema, pamoja na kiwango cha matumizi na namna swali litakavyoandikwa kwa Kiswahili na Kikuyu kinachoeleweka.

Hakuna anayelazimika kungoja hadi 2027. Bajeti za kaunti hupaswa kuwa tayari kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai, na Mswada wa Fedha hufuata katika miezi mitatu inayoandamana nao. Katika kipindi hicho mkazi ana haki ya kuandika maoni kwa karani wa Bunge la Kaunti bila kufika ukumbini, na vyama vya wachuuzi, SACCO za matatu na vikundi vya akina mama vinaweza kuandika kwa pamoja. Wadai jedwali lenye safu mbili, ada ya sasa na ada inayopendekezwa. Waulize kila soko lilikusanya kiasi gani mwaka uliopita na kiasi gani kilirudi katika soko hilo. Kaunti ina wajibu wa kuwapatia takwimu hizo, kwa kuwa Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba Bunge la Kaunti litunge, libadili au lifute sheria yake, ikiwemo Sheria ya Fedha. Ombi hilo halihitaji sahihi 120,000. Sahihi moja inatosha kulifikisha mezani, na wajumbe wa wadi zote 30 za Nyeri hawawezi kusema hawakuambiwa.